Kifungu cha Tisa

Mkataba una kurasa mbili na muhuri wa zambarau.
Kifungu cha tisa: mpangaji atazirudisha nyavu za madirisha
kama alivyozikuta.
Nilitia sahihi peke yangu.
Bizari hakuwapo.

Alikuja masika, akapanda ngazi hadi orofa ya tatu,
amelowa, manjano kama jina lake,
akaingia kama mtu aliyekwisha lipa.
Nikampa kichwa cha changu.
Tangu siku hiyo kinachouma ni kichwa changu.

Kila alfajiri kunguru mmoja hutua nje ya jikoni.
Hana haya, hana kazi.
Humtazama Bizari kwa jicho hili, kisha kwa lile,
na Bizari huupanda wavu kama mkwezi aliyeona dafu la mwisho,
krrr, krrr,
na mbu wa Tudor, wasiongoja kukaribishwa,
wanapata mlango mpya.

Nimejaribu. Usiseme sijajaribu.
Nilisugua fremu kwa ganda la limau:
akapiga chafya mbili, akaendelea.
Nilimnyunyizia maji kwa chupa yangu ya pasi:
akanitazama kwa huruma.
Nilifunga kioo. Januari, na kaskazi hii!
Chumba kikawa tanuri,
nami ndani ndimi mkate wa mofa.

Mama Mbeyu wa mlango wa pili alisema, mpeleke Marikiti,
paka wa soko wana soko lao.
Sikumjibu.
Mwanasiti wa chini alisema, mkate kucha, ncha tu,
usifike penye wekundu.
Nikamfunga taulo, nikashika mkasi wa nyuzi,
mimi niliyekata suti za mabwana harusi arubaini
mkono ukanitetemeka kwa kidole kimoja cha paka.
Lakini kucha ni kama kodi:
mwezi ukiisha, zimeota tena.

Ndipo Ngumbao seremala akanipa kipande cha boriti.
Nikakizungushia kamba ya usumba, mzunguko juu ya mzunguko,
nikakaza mpaka viganja vikawaka,
nikakisimamisha pale pale dirishani.
Si kule pembeni. Paka hukwaruza palipo na hasira yake,
si pale ulipompangia.
Siku mbili alikipita kama mkwe aliyenuniwa.
Ya tatu akaamka, akajinyoosha, akakikumbatia,
na usumba ukamwagika sakafuni.
Nilikaribia kupiga kigelegele, mwanamume mzima.

Na kunguru?
Hilo naona aibu kulisema.
Kila asubuhi nikimaliza chai
hukung'uta kitambaa cha meza dirishani,
makombo ya mahamri, miaka minne sasa.
Nilimwalika mwenyewe, kisha nikamgombeza paka
kwa kumwona mgeni wangu.

Bi. Thureya anakuja kukagua Ijumaa, baada ya swala.
Usiku huu nimeushusha wavu, nimeulaza mapajani,
uzi mweusi, sindano nyembamba kuliko zote,
mshono mdogo mdogo wa kuziba na kuficha.
Pembe ya chini, kushoto, chini ya rangi ya mafuta,
kidole changu kikagusa kifundo kisicho changu.
Nikakwangua kwa ukucha.
Uzi wa kijani.
Mishono mikubwa, imepinda, ya mtu asiyejua kushona,
tena aliyeshona haraka,
kwa kimo cha paka aliyesimama kwa miguu miwili.

Kama alivyozikuta.

Niliinua mkasi niufumue, niushone upya kwa adabu.
Nikauweka chini.
Nani huyo, na paka wake alikuwa wa rangi gani,
na dhamana yake, alirudishiwa?

Nimeuacha wa kijani ulivyo.
Wangu umekaa kando yake, mweusi.
Saa nane za usiku. Nyuma yangu, krrr, mara moja.
Boriti au dirisha la sebuleni,
sikugeuka kutazama.